Mchele Ulioharibika

SOMO JUU YA UAMINIFU KATIKA KAZI

1. Mji unaokula vitu vya kununua

Mji wa Goma uko ukingoni mwa Ziwa Kivu, upande wa kaskazini, chini ya mlima wa moto uitwao Nyiragongo. Ardhi yake ni mawe meusi yaliyotoka mlimani. Tarehe 17 Januari 2002 mlima huo ulipasuka, mto wa moto ukashuka, ukapita katikati ya mji, ukaingia ziwani. Nyumba nyingi ziliungua, na maduka mengi yakafunikwa. Lakini watu walirudi, wakajenga tena juu ya mawe yale yale.

Juu ya mawe hayo si rahisi mtu kulima shamba la kuilisha jamaa yake. Kwa hiyo watu wengi wa Goma hula vitu vya kununua. Viazi, kabichi na maharagi hutoka vijijini, pande za Rutshuru na Masisi. Samaki hutoka ziwani. Mchele, unga na mafuta huja kwa gari, na mara nyingi huvuka mpaka, kwa maana Rwanda iko karibu sana: mji wa Gisenyi unashikana na Goma, na watu huvuka kwa miguu wakiwa na mizigo kichwani.

Mtu anayekula mazao ya shamba lake anajua alichopanda na alichovuna. Mtu anayekula vitu vya sokoni hajui. Hakumwona mkulima, hakuingia ghalani, wala hakuwapo gunia lilipofungwa. Yeye huona juu ya gunia tu. Yaliyo chini huyajua muuzaji. Ndiyo maana mnunuzi, kabla ya kutoa pesa zake, hutoa kitu kingine kwanza: humwamini mtu.

Somo hili laeleza jambo hilo: jinsi imani ya mnunuzi inavyopatikana, jinsi inavyopotea, na jinsi kijana mmoja wa Goma alivyoilinda mpaka kufa.

2. Kopo lenye hila

Sokoni, mara nyingi muuzaji hatumii mizani. Huchota unga au maharagi kwa kopo, hulijaza mpaka likafanya kichuguu juu, kisha humimina katika mfuko wa mnunuzi. Kopo ndilo kipimo. Likiwa zima, biashara ni ya haki.

Tuseme wanawake wawili wameketi bega kwa bega, wote wawili wanauza unga. Bei yao ni moja. Makopo yao yanafanana. Lakini mmoja wao ameligonga kopo lake kwa nyundo, hata tako lake likabonyea ndani. Kwa nje halionyeshi kitu. Kwa ndani limepungua sehemu moja ya kumi. Akiuza makopo kumi, moja linabaki kwake. Akiuza mia, yanabaki kumi. Jioni huhesabu pesa zake akacheka moyoni, akisema, “Hakuna aliyeona.”

Ni kweli, hakuna aliyeona. Lakini mnunuzi arudipo nyumbani huupika ule unga. Mama mwenye watoto sita hana mizani, lakini ana chungu. Anajua unga wa makopo mangapi hutosha watoto wake. Siku ya kwanza ugali ukipungua, hudhani amekosea kupika. Siku ya pili huwatazama watoto wanavyogombea kombo la mwisho. Siku ya tatu amekwisha kufahamu.

Je, atakwenda kumgombeza yule muuzaji? Mara nyingi hafanyi hivyo. Hupita tu mbele yake, akaenda kuketi kwa jirani yake. Kesho yake, kwenye foleni ya maji, humwambia mwenzake, na huyo humwambia mwingine. Muuzaji wa kopo la hila hukaa pale, unga wake mbele yake, naye hajui ni kwa nini watu hawasimami. Husema, “Jirani yangu amepata dawa ya kuita wateja.” Dawa hiyo ni kopo zima.

Wazee walisema: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tena walisema: Njia ya mwongo ni fupi. Na Maandiko Matakatifu, tangu siku za Musa, yanakataza kuwa na vipimo vya namna mbili, kikubwa cha kununulia na kidogo cha kuuzia. Kwa mbele ya Mungu kopo lililobonyezwa ni wizi, ingawa muuzaji hakuingiza mkono wake katika mfuko wa mtu. Limekatazwa na Amri ya Saba.

3. “Kosa ni langu”

Uaminifu haukomi katika kipimo. Kuna siku ambayo mtu mwema naye huharibu kazi. Siku hiyo mteja hupata kumjua yeye ni mtu wa namna gani.

Watoto wa Goma wote wanaijua chukudu. Ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili na usukani, kilichochongwa kwa shoka na panga. Mchukuzi huweka goti moja juu yake na kusukuma kwa mguu wa pili. Mteremkoni husimama juu yake, nacho hukimbia chenyewe. Hubeba viazi, kabichi, mbao na makaa, yaani makala, kutoka vijijini mpaka mjini. Chombo hiki kimeheshimiwa sana, hata katika mji wa Goma imesimamishwa sanamu kubwa ya mchukuzi na chukudu yake.

Mchukuzi wa chukudu hubeba mali ya mtu mwingine. Mwenye mali hayuko njiani pamoja naye. Tuseme amepewa magunia matatu ya viazi kuyashusha kutoka Kibumba. Mteremkoni gurudumu linapiga jiwe, gunia moja linapasuka, viazi vinatawanyika barabarani, na vingine vinakanyagwa na gari. Mchukuzi huokota alivyoweza, akashona gunia kwa kamba. Sasa yuko peke yake na dhamiri yake.

Njia zilizo mbele yake ni tatu. Ya kwanza, anaweza kunyamaza na kulipanga gunia lile chini ya mengine. Ya pili, anaweza kusema, “Mama, walionipakilia magunia ndio waliopunguza.” Ya tatu, anaweza kusema maneno haya:

“Shikamoo, mama. Gunia moja limepasuka njiani. Nilikwenda mbio mno mteremkoni. Kosa ni langu. Viazi vilivyopotea vipunguze katika mshahara wangu.”

Mwenye mali atafanya nini? Labda atakasirika. Labda atasema, “Wewe kijana umenitia hasara!” Naye atakata pesa kweli, na siku ile mchukuzi atarudi nyumbani na pesa kidogo, na watoto wake watakula kidogo. Haifai kulificha jambo hili: kusema kweli kuna gharama, na mara nyingine gharama hiyo hulipwa siku ile ile.

Lakini juma lifuatalo, mama yule akiwa na magunia kumi, atamwita nani? Wachukuzi ni wengi, wenye nguvu kama yeye ni wengi. Mama atafikiri hivi: “Wale wengine wakiharibu, sijui kama wataniambia. Huyu akiharibu, ataniambia mwenyewe.” Basi atamwita huyu. Hakumpenda kwa sababu hakosi. Alimwamini kwa sababu hafichi.

Huko ndiko kuwajibika. Mtu anayewajibika husema mambo matatu: nilifanya mimi, nimeharibu kitu hiki, nitakirudisha hivi. Akisema la kwanza tu, ameungama nusu. Zakayo mtoza ushuru, Bwana Yesu alipoingia nyumbani mwake, hakutosheka na kujuta. Aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Hapo ndipo watu waliweza kuona kwa macho yao kwamba moyo wake umegeuka.

4. Sumu isiyoonekana

Unga ukipunjwa, mama huugundua kwa chungu chake. Viazi vikipotea, mwenye mali huvihesabu. Lakini kuna ubaya ambao mnunuzi hawezi kuugundua kwa chungu wala kwa hesabu.

Mchele au mahindi yakikaa katika unyevu huota ukungu. Namna fulani za ukungu hufanya sumu ambayo wataalamu huiita aflatoksini. Sumu hiyo huharibu ini la mtu. Ukiosha nafaka, sumu haitoki yote. Ukiipika, moto wa jikoni hauimalizi. Mfanyabiashara mwenye hila anaweza kuianika nafaka iliyooza, kuipepeta, kuichanganya na nyingine nzuri, kisha kuitia katika magunia mapya. Machoni pa mnunuzi ni chakula kama chakula kingine.

Jambo hili si hadithi ya kutisha watoto. Mwaka 2004, katika nchi ya Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa. Wengi walikuwa watu wa vijijini waliokuwa na njaa, waliokula kile walichokuwa nacho.

Kwa ajili ya hatari za namna hiyo, nchi huweka wakaguzi mipakani. Katika Kongo kazi hiyo ni ya ofisi ya serikali iitwayo OCC. Mkaguzi hutazama bidhaa zinazoingia: ni kiasi gani, ni za namna gani, zafaa au hazifai. Akiona ni nzuri, hutia sahihi, na gari hupita. Akiona zimeharibika, huzizuia.

Fikirini basi jinsi kazi hiyo ilivyo. Mama anayenunua kopo la mchele sokoni hamjui mkaguzi. Hajapata kumwona. Hajui jina lake. Hata hivyo anamtegemea, kwa maana jicho la mkaguzi limewekwa mahali ambapo jicho la mama haliwezi kufika. Wateja wake ni mji mzima, na hakuna hata mmoja wao aliyesimama karibu naye anapotia sahihi.

Karibu naye husimama mwingine: mwenye mali, akiwa na bahasha mkononi.

5. Floribert Bwana Chui

Floribert Bwana Chui bin Kositi alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Alisoma, akafika chuo kikuu katika mji ule ule, akajifunza sheria. Alikuwa kijana wa kupenda marafiki na mazungumzo, mwenye kuvaa vizuri, mwenye kufikiri sana juu ya nchi yake. Siku za ujana wake zilikuwa siku za vita na wakimbizi, na Goma iliyaona mengi.

Alipokuwa mwanafunzi alijiunga na Jumuiya ya Sant'Egidio. Jumuiya hiyo ya walei ilianzishwa Roma mwaka 1968, na kazi yake ni kusali, kuwasaidia maskini na kutafuta amani. Huko Goma Floribert na wenzake waliwatafuta watoto wanaolala njiani, wale ambao watu huwaita maibobo. Wengine waliwafukuza watoto hao kama wezi. Floribert aliwaita kwa majina yao. Katika Shule ya Amani ya jumuiya waliwafundisha, wakala pamoja nao, wakawasaidia kurudi darasani. Watoto hao aliwakumbuka baadaye, siku ya kujaribiwa kwake.

Baada ya masomo alipata kazi katika ofisi ya OCC. Alifanya kazi kwanza Kinshasa, kisha mwaka 2007 akarudi mjini kwao, Goma. Kazi yake ilikuwa kuangalia bidhaa zilizoharibika, ili zisiingie sokoni. Kijana wa miaka ishirini na mitano, mwenye kazi nzuri na mshahara, mwenye mchumba na matumaini ya kuoa: kwa macho ya watu alikuwa amefika.

Muda si mrefu ikaja shehena ya mchele kutoka ng'ambo ya mpaka. Ulikuwa umeharibika, haufai kuliwa na watu. Floribert akakataa kuuruhusu.

Wenye kuutaka mchele ule upite hawakuanza kwa matisho. Walianza kwa pesa. Rushwa ina majina mengi matamu: matabishi, pesa ya chai, kitu kidogo. Pesa aliyopewa Floribert haikuwa kitu kidogo. Ilikuwa dola nyingi, na alipokataa, iliongezwa. Alipokataa tena, maneno yakawa makali. Simu zikapigwa. Akaonywa kwamba anajitafutia hatari.

Floribert hakuwa mtu asiyejua hofu. Alikwenda kuongea na mtawa mmoja aliyekuwa mganga. Alimwuliza juu ya chakula kilichoharibika: watu wakila, kitawadhuru namna gani? Akamweleza pia habari za pesa aliyotakiwa kuipokea. Alijua jibu la sheria, maana sheria aliisoma. Alitaka kulipima jambo lote: kwa upande mmoja pesa, kwa upande wa pili watu watakaokula. Naye akasema kwamba yeye ni Mkristo, hawezi kukubali watu wapewe sumu. Na kwamba inampasa kujua kama anaishi kwa ajili ya Kristo au sivyo.

Basi hakutia sahihi.

Siku ya Jumamosi, tarehe 7 Julai 2007, watu walimkamata Floribert wakamchukua. Jamaa yake na rafiki zake walimtafuta. Tarehe 9 Julai mwili wake ulionekana, nao ulikuwa na alama za mateso. Umri wake ulikuwa miaka 26.

6. Jina lililobaki

Waliomwua walidhani mambo yamekwisha. Haikuwa hivyo. Huko Goma wenzake wa Sant'Egidio waliendelea kusimulia habari zake, na vijana wa miji mingine ya Kongo wakazisikia. Tarehe 2 Februari 2023 Papa Fransisko alikutana na vijana katika uwanja mkubwa wa Kinshasa uitwao Uwanja wa Mashahidi. Aliposema nao juu ya rushwa, aliwatajia Floribert kuwa mfano. Aliwaambia kwamba kijana huyu angaliweza kuyafumba macho, wala hakuna ambaye angejua, tena angalipata faida. Lakini kwa kuwa alikuwa Mkristo, alisali, akawafikiria wengine, akachagua kuwa mnyofu.

Tarehe 25 Novemba 2024 Papa aliruhusu Kanisa litangaze kwamba Floribert ni mfiadini. Na tarehe 15 Juni 2025, siku ya Dominika ya Utatu Mtakatifu, alitangazwa kuwa Mwenye Heri huko Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta. Tangu mwezi wa Januari wa mwaka ule Goma ilikuwa katika taabu ya vita. Mama yake Floribert alikuwapo katika ibada hiyo.

Tangu zamani Kanisa limewaheshimu wafiadini waliokataa kusujudia sanamu au kuikana imani mbele ya mfalme. Floribert hakuambiwa, “Mkane Kristo.” Aliambiwa, “Tia sahihi hapa.” Lakini aliona kwamba maneno hayo mawili yalikuwa kitu kimoja. Kumpa jirani yako chakula cha kumdhuru ili upate pesa ni kumkana Yule aliyesema kwamba lile tunalowatendea wadogo tunamtendea yeye.

7. Mafundisho ya somo hili

Kwanza: Imani ya mteja hujengwa mahali asipoona. Mbele ya macho yake kila mtu ni mnyofu. Fundi cherehani hushona vizuri upande wa nje wa koti. Uaminifu wake huonekana katika mshono wa ndani. Mwuza dawa huonyesha boksi safi. Uaminifu wake huonekana akisoma tarehe iliyoandikwa, akaona dawa imepita wakati, akaitupa ingawa ni hasara. Mwuza maziwa yuko peke yake na ndoo ya maji. Kila kazi ina mahali pa siri ambapo bwana na mteja hawafiki. Hapo ndipo palipo na kazi yenyewe.

Pili: Mtu husimama nyuma ya kazi yake kwa jina lake. Mfanyakazi mbaya husema, “Ofisi imeamua,” “Wenzangu wote wanafanya hivyo,” “Nimetumwa tu.” Maneno hayo ni kama pazia, mtu hujificha nyuma yake. Floribert angaliweza kusema kwamba wengi hupokea, na kwamba mchele huo ukizuiwa leo, kesho utapita njia nyingine. Hakusema hivyo. Alijua kwamba sahihi inayotakiwa ni yake, si ya wote.

Tatu: Aliyekosa aseme, tena arudishe. Kosa lililosemwa hupona. Kosa lililofichwa huoza kama mchele katika unyevu, likaharibu na mema yaliyo karibu nalo.

Nne: Haifai kudanganya watoto kwamba mwaminifu hupata faida siku zote. Mama mwenye kopo zima hupata wateja, na mchukuzi msema kweli huitwa tena. Mara nyingi ndivyo ilivyo, na mtu aonaye mbali hupenda kuaminiwa kuliko kupata pesa za siku moja. Lakini Floribert hakupata wateja wala cheo, alipoteza uhai. Kwa hiyo faida haiwezi kuwa sababu ya kwanza ya uaminifu. Anayekuwa mnyofu kwa ajili ya faida tu, siku faida ikihamia upande wa hila, naye atahamia huko. Sababu ya kwanza ni kwamba yule atakayekula ni mtu, aliyeumbwa na Mungu, mwenye watoto wanaomngoja jioni.

Tano: Asitafute mtu kubeba jambo zito peke yake. Floribert alisali na aliomba shauri. Mtoto au kijana akishawishiwa kufanya hila kazini au shuleni, amwambie mzazi, mwalimu au padri. Hila hupenda giza. Ikisemwa hupungua nguvu.

Watoto hawakagui shehena mipakani. Lakini mtoto hutumwa dukani na pesa, na chenji hurudi mkononi mwake. Mtoto huagizwa kuchota maharagi katika kibanda cha mama yake. Mtoto huvunja kikombe nyumbani wakati hakuna mtu. Hizo ndizo sahihi zake za kwanza. Mkono uliozoea kurudisha chenji yote, siku ya bahasha hautatetemeka sana.

MANENO YA KUELEZA

Kupunja: kumpa mtu pungufu ya haki yake katika kipimo au hesabu.
Kuwajibika: kukubali kujibu kwa ajili ya kazi yako, ikiwa nzuri au mbaya.
Rushwa: pesa au zawadi anayopewa mtu ili aiache haki.
Shehena: mzigo mkubwa wa bidhaa.
Mlei: Mkristo ambaye si padri wala mtawa.
Mfiadini: mtu aliyeuawa kwa sababu ya imani yake.
Mwenye Heri: jina la heshima ambalo Kanisa humpa marehemu kabla ya kumtangaza kuwa Mtakatifu.

MASWALI

1. Kwa nini watu wengi wa Goma hula vitu vya kununua?
2. Kopo la hila limepungua sehemu moja ya kumi. Mama akinunua makopo 30 katika mwezi mmoja, amepunjwa makopo mangapi? Na katika mwaka mzima?
3. Mama aligunduaje hila ya kopo, naye hana mizani?
4. Mchukuzi wa chukudu alikuwa na njia tatu. Zitajeni. Kwa nini mwenye mali alimwita tena?
5. Kwa nini kuosha na kupika hakutoshi kuondoa sumu ya ukungu?
6. Wateja wa mkaguzi ni nani? Je, wanamjua?
7. Floribert alifanya mambo gani kabla ya kukata shauri lake?
8. Mtu mmoja anasema, “Ukiwa mnyofu utatajirika.” Je, asema kweli yote? Elezeni kwa maneno yenu.

KAZI YA KUANDIKA

Andikeni mistari kumi juu ya mtu mmoja wa mtaani kwenu ambaye watu humwamini katika kazi yake: fundi, mwuza duka, mganga, mwalimu au mchukuzi. Msiandike kwamba ni mwema tu. Andikeni ni jambo gani alilolifanya, hata watu wakamwamini.

MITHALI ZA KUKUMBUKA

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Njia ya mwongo ni fupi.